Gari Liliuliza Kwanza

Mdogo wangu Lyle,

Jumanne iliyopita, kabla ya chakula cha mchana, nilipoteza imani ya Bi Ilse Friesen, na wewe ndiye uliyenipotezea. Nimelitanguliza hilo usije ukadhani barua hii ni ya kukujulia hali. Hata hivyo nakusalimu. Natumaini goti lako linapona, Connie hajambo, na watoto wanaendelea na masomo. Wao sina ugomvi nao. Mimi ni mzima, na malori yangu sita yanabeba ngano kama kawaida, ingawa wewe hupenda kuwakumbusha watu kwamba nilianza na moja, tena bovu.

Siku ile nilikuomba kitu kimoja tu: ukae garini, injini ikiwaka kwa sababu ya baridi, nami niingie dukani kuchukua mkanda wa feni. Simu niliiacha inachaji. Ujumbe wa Bi Ilse ukaingia, kioo cha dashibodi kikaandika jina lake, kikauliza: nisome? Chini yake vitufe viwili, ndiyo na hapana. Wewe, baba wa watoto watatu, ukabonyeza ndiyo.

Gari likakusomea kwa ile sauti yake ya mtangazaji: "Verna, nimeamua kuuza shamba. Nina saratani. Watoto nitawaambia mwenyewe Krismasi, uso kwa uso. Tafadhali usimwambie mtu."

Nilipotoka dukani hukuwepo. Ulikuwa umeshavuka barabara, uko kantini ya uwanja wa michezo ya barafu, unawaambia wanywa kahawa wale wa kila siku kwamba dada yako anamzunguka mgonjwa ajinyakulie ardhi. Merv, fundi wangu, alikuwepo. Anasema hata neno saratani hukulisahau. Jioni hiyo Garth, mwanawe Bi Ilse, alimpigia mama yake kutoka Calgary, analia. Ugonjwa wa mama yake kaambiwa na muuza mbolea, mmoja wa wale wanywa kahawa wako.

Bi Ilse alinipigia mara moja tu, wala hakugomba. "Nilikuandikia wewe, Verna," alisema. "Sikuuandikia mji." Akakata. Tangu hapo simu yangu hapokei na mlango hanifungulii, yule yule aliyenipa mzigo wangu wa kwanza wakati benki zote zilinicheka.

Nasikia unajitetea kwamba simu yangu hukuigusa hata kwa kidole, gari ndilo lililosoma. Lyle, gari limekushinda adabu. Lenyewe liliomba ruhusa. Wewe ukaitoa ruhusa isiyokuwa yako, halafu ukaenda kuinywea kahawa. Ungechana bahasha yangu ungejiita mwizi. Umebonyeza kioo, basi unajiona msikilizaji wa redio.

Sasa pokea na lile ambalo hukuwa na subira ya kulingoja. Ujumbe wa pili uliingia wewe ukiwa umeshashuka garini. Huo nimeusoma mwenyewe, maana ulikuwa wangu. Tangu kiangazi nilikuwa namsihi Bi Ilse asiniuzie peke yangu. Akaandika: "Ombi lako nimelikubali. Ekari themanini zako, themanini za Lyle. Mpe wewe habari, atafurahi."

Nimekupa habari. Furahi.

Mauzo, nasikia, ameyafuta, na wala siyalilii. Ardhi nitapata kwingine. Bi Ilse ni mmoja, na Jumapili asubuhi Garth anamchukua kwenda Calgary, huku mama huyo akiamini kwamba mimi ndiye niliyekupa siri yake. Wewe mlango atakufungulia, maana hasira yake iko kwangu. Nenda ukamwambie ni kidole chako, si mdomo wangu.

Msalimie Connie, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Jibu lako nalitaka kabla ya saa kumi na mbili jioni, Jumamosi. Usiniandikie kwenye simu. Njoo mlangoni kwangu useme kwa mdomo kama utakwenda au hutakwenda, ndiyo au hapana. Gari ulilijibu upesi, tena halikuwa linakuuliza wewe. Mimi nakuuliza wewe.

Dada yako,
Verna