Leza Yako Haijauzwa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini u mzima wa afya, pamoja na wifi na wanangu, ambao nasikia mmoja wao ameng'oka meno ya mbele na bado anajibu watu. Amenirithi shangazi yake, mwacheni. Mimi sijambo kabisa. Cherehani inanguruma tangu asubuhi, nimenenepa kidogo, na nina furaha ambayo nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianzia mwishoni utaikunja barua hii usiisome.

Kwanza ni habari ya leza yako, ule mtambo wako wa mwale wa kijani. Ulipohamishwa kikazi uliniachia maagizo mawili: niiuze kwa wenzako wa klabu ya leza, na yule Kipimo, mpimaji wenu, asiiguse kamwe. Najua ni kwa nini. Siku ile alipokataza mbele ya watu wote leza yako isiwekwe kwenye meza ya mauzo mpaka ipimwe, uliona amekuita tapeli, ukaondoka na hujazungumza naye mpaka leo.

Basi nikawa naenda Jumapili kwenye lile ghala nyuma ya duka la rangi, mnakouziana mitambo yenu. Siku ya kwanza nilidhani nimekosea nyumba. Kuta nyeusi tii, dirisha limezibwa kwa gunia, na watu wazima na akili zao wanavua saa, pete na mikanda na kuvitia kwenye kopo la biskuti! Waliniambia kwamba mwale ukigonga kitu kinachong'aa hurudi, na ukirudi hauchagui jicho. Mwalimu wa udereva, yule mnayemwita Kipara, alilazimika kuvaa kofia ya sufu kwa sababu ya hicho kichwa chake. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni, naye anacheka tu. Jumapili iliyofuata nilimpelekea kofia nyepesi ya kitambaa cheusi niliyomshonea, gunia nikalitupa nikatundika pazia lenye pindo. Tangu hapo nikawa mwenyeji.

Kipara ndiye aliyeitaka leza yako. Ule ukijani ulimtia wazimu. Alikuja na miwani yake ya kinga, ile ya kuzuia mwanga wa kijani, tukaelewana bei, mkono akawa ameshaunyoosha. Hapo Kipimo akasema kwa upole kwamba utaratibu wa klabu haujabadilika: leza isiyopimwa haiuzwi. Nikamwambia wazi kwamba kaka yangu amekataza asiiguse. Nilitegemea ataniwakia. Badala yake alirudi nyuma, akatia mikono yote miwili mfukoni, akasema basi mimi ndiye nitakayepima, yeye ataniongoza kwa maneno tu.

Kwa hiyo, kaka, hakuigusa hata kwa ukucha. Mimi ndiye niliyevaa miwani kubwa ya kinga ya mtambo wake, nikaiweka leza sawasawa mbele ya mashine ya kupimia nguvu. Akaniambia nitie katikati kipande cha kioo kinachozuia mwanga wa kijani. Nikatia, ukijani ukapotea wote. Mshale wa mashine ulipaswa kulala chini, kwenye sifuri. Haukulala. Ulisimama karibu palepale.

Kipimo alipiga kelele niizime, nikaizima. Kisha akaeleza kwamba leza yako inatoa pia mwanga mwingine usioonekana, mkali kuliko huo wa kijani, na kwamba miwani ya Kipara ingeupitisha kama chujio linavyopitisha maji. Angesimama pale akijiona yuko salama huku macho yake yanaungua. Mwalimu wa udereva, kaka! Kipara alikaa juu ya ndoo. Halafu akavua kofia akauliza ni nani kati yetu atakayechemsha chai, maana ameona kifo cha kazi yake na koo limekauka. Tulicheka kama wendawazimu, kwa hofu iliyokuwa inatutoka.

Kabla sijafungua mdomo kukutetea, Kipimo alitangaza kwamba wewe si tapeli, uliuziwa kitu kibaya na mtu wa mtandaoni aliyebandika lebo ya uongo. Alisema pia kwamba siku ile alikosa adabu, angekuita pembeni. Tuliifungua leza palepale tukaing'oa nyaya, haitawaka tena.

Sasa kaa chini. Kitu cha kuuza sikuwa nacho tena, lakini Jumapili sikuacha kwenda. Kipimo, ambaye kazi yake ni kutengeneza majokofu, akaanza kuja dukani kwangu. Wiki moja alileta suruali nzima kabisa nimpunguzie. Wiki iliyofuata akaileta ileile nimrefushie. Nilimuuliza kama miguu yake inaota na kunywea. Akaona haya, na mimi nikajua nimekwisha. Nampenda, kaka. Aliponiomba tuoane nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Lakini mtu huyu ni mkaidi! Hataki kutaja hata tarehe mpaka wewe uliyenilea, uliyenisuka nywele upogo mpaka darasa zima likanicheka, uridhie kwa mdomo wako mwenyewe. Anasema alishakuaibisha mara moja mbele za watu, hawezi kukuongezea aibu kwa kumchukua dada yako kisirisiri. Nimebishana, nimelia, nimemnunia. Wapi! Mmoja wenu hataki kusamehe, mwingine hataki kuoa bila kusamehewa, na mimi gauni nimeshalikata.

Ndiyo maana sikukupigia simu. Ungekataa kabla hujafikiri. Na barua sikuitia posta. Wifi hakukudanganya alipokwambia imeletwa na mgeni, mimi ndiye niliyemwomba asikutajie jina. Ni Kipimo. Amesafiri kutwa nzima, na kwa jinsi ninavyomjua amekataa kuingia ndani mpaka umalize kusoma.

Wasalimie watoto, mwambie wifi namshukuru mno. Salamu nyingine mpe huyo aliyesimama nje. Nyanyuka, kaka, ukamfungulie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi cherehani