Kafi ya papa yako imeanguka kwa maji

Émilienne,

Sombe iko kwa jiko, ongeza chumvi kidogo. Suruali yangu yenye iko pa kamba usiiguse, ingali na maji. ~~Tutarudi saa sita.~~ Saa ya kurudi sijui. Mi na papa yako tumeenda tena kwa ziwa.

Wakati ulienda misa, papa yako alinikuta nimekaa tu. Akasema, "We muntu wa Bukavu, kuja uone ziwa yetu." Unajua, miaka mbili tangu ndoa yetu, salamu yenyewe ananipa shingo upande. Niliogopa kukataa.

Tulikuwa ndani ya mutumbwi, karibu na Lweba, wakati kiboko aliibuka mbele yetu. Papa yako, mwenye kuzaliwa kwa maji, akaangusha kafi! Tukapiga maji na mikono mpaka pembeni, na pale mutumbwi ukapinduka. Nikalia, "Nakufa!" Akaniambia, "Simama, mutoto wangu." Nikasimama. Maji ilinifikia kwa magoti.

Tulicheka mpaka bavuvi bakatuuliza kama tumelewa. Kumbe miaka yote hii alikuwa ananiogopa, eti juu nilisoma sana. Mi pia nikamuambia namna nilikuwa namuogopa. Tukacheka tena.

Sasa tunaenda kuuliza bavuvi kama kafi ilionekana, juu ni ya kuazima kwa jirani Haruna. Papa yako ameniomba nisikuambie ni nani aliiangusha. Basi leo usimucheke. Kesho unaweza.

Bwana yako