Neno Nililompa Baba

Ijumaa, Juni 1968

Kumekucha na baridi ya kiangazi, na upepo umejaza vumbi hadi ndani ya bakuli za chai. Sijalala vizuri. Naandika haraka kabla ya kwenda shule, kwa sababu nisipoyaandika ya jana nitakwenda nayo kichwani mpaka jioni.

Jumatatu mwalimu wetu wa Kiingereza, mama aliyetoka Uganda, alituandikia ubaoni maneno manne: annoyed, angry, furious, resentful. Sisi tulidhani yote ni hasira, na kwamba yanapishana kwa ukali tu, kama moto mdogo na moto mkubwa. Akasema hapana. Kuna hasira ya dakika moja, ya mtu aliyesumbuliwa. Kuna hasira yenyewe. Kuna ile inayomfanya mtu avunje vitu. Na ya nne haina kelele kabisa. Ni ya mtu anayeona alidhulumiwa zamani, akaihifadhi. Nadhani kwetu tungeiita kinyongo.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kulipatia kila neno mtu tunayemjua.

Kwa la kwanza nilimweka mama, siku niliposoma kitabu jikoni maharagwe yakaungua. Kwa la pili nilijiweka mwenyewe. Kwa la tatu, jirani yetu, siku mbuzi alipotafuna kitenge chake kipya. Hayo yalikuwa rahisi.

La nne nilimpa baba.

Baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji huko Rohero, katikati ya mji. Anapanga herufi za madini ya risasi, moja moja, kwa vidole. Mzungu aliyekuwa mkuu wao alipoondoka baada ya uhuru, kila mtu alijua baba ndiye atakayeshika nafasi yake. Lakini nafasi hiyo akapewa Gaspard, kijana ambaye baba mwenyewe alimfundisha kushika herufi, kwa sababu Gaspard alimaliza sekondari. Baba aliendelea kupanga herufi zake. Humsalimu kila asubuhi. Hajawahi kumsema vibaya mbele yetu. Hata jina lake halitaji.

Mimi nililiandika.

Mwalimu alinipa alama nzuri kuliko wote, na nilifurahi sana. Lazima nikiri hilo. Nilikuwa nimesahau kwamba kila Ijumaa tunarudisha daftari likiwa na sahihi ya mzazi.

Jana jioni nikampelekea baba daftari pamoja na kalamu, nikafunika ukurasa nusu kwa mkono. Baba hajui Kiingereza, lakini hawezi kuweka sahihi bila kupitisha kidole chini ya kila mstari. Ni mazoea ya kazi. Huona herufi iliyokosewa hata katika lugha asiyoielewa. Akausogeza mkono wangu. Kidole kikatembea, kikasimama.

"Iyi jina ya Gaspard inafanya nini mu kaye yako?"

Nikasema ni kazi ya shule tu. Akaniambia nimsomee, kwa Kiswahili.

Ningeweza kudanganya. Ningesema nimeandika kwamba wanafanya kazi pamoja, angeweka sahihi, na leo ningekuwa naandika mambo mengine. Lakini kidole chake kilikuwa bado pale, juu ya jina. Nikasoma huku nikitazama meza: Baba yangu ana kinyongo. Alimfundisha Gaspard kazi, na leo Gaspard ndiye mkuu wake. Hapigi kelele. Anangoja.

"Anangoja nini?" akauliza.

Nikasema sijui. Ni kweli sikujua. Niliandika hivyo kwa sababu sentensi iliishia vizuri.

Nilingoja anipige. Baba hajawahi kunipiga, lakini nilingoja. Akaomba nimweleze maneno mengine matatu, nikayaeleza. Niliposema la maharagwe, mama aliyekuwa akichambua mchele akaguna, "Kumbe miye ndiye mwepesi wa kukasirika." Baba hakucheka.

Akaanza kusema polepole, kama mtu anayesoma herufi zilizopangwa kinyume. Kiwandani wana kadi za mwaliko za sherehe ya uhuru, kadi za wakubwa, mamia kwa mamia. Gaspard ameshaweka sahihi yake kwamba ziko sawa, na zitachapwa leo Ijumaa asubuhi. Haziko sawa. Kadi zinawaita wageni jioni, na sherehe ni asubuhi.

"Mi niliona toka saa nane," akasema. "Nikanyamaza."

Mama akaacha mchele. "Watamufanya nini?"

"Watamufukuza. Na hiyo ni kama ana bahati."

"Ana watoto watano, baba Espérance."

"Na mi niko na wangapi?"

Mama akaanza tena kuchambua mchele. Mimi ndiye Espérance, na nilitamani siku hiyo baba aitwe kwa jina la mtu mwingine. Baba akachukua kalamu, akaweka sahihi yake ndogo safi, akanirudishia daftari.

"Neno umelichagua vizuri," akasema.

Miaka yote nimetaka baba asifu ninachoandika. Jana nilitaka afute.

Akaenda kulala bila kula. Nilikaa na kamusi aliyoniazima mwalimu nikitafuta neno la tano, la mtu aliyejiona ndani ya neno la nne akatishika. Sikulipata. Nikaona aibu pia, kwamba nyumba iko katika hali ile na mimi natafuta maneno.

Nimeandika mpaka hapa, na mama ameingia sasa hivi. Anasema baba ametoka na baiskeli kukiwa bado giza. Nikamuuliza, kiwandani? Akasema hapana. Ameenda kwa Gaspard nyumbani, Kamenge, amwambie kabla watu hawajafika kazini, ili Gaspard asahihishe mwenyewe na pasiwe na mtu wa kujua. Mama alimuuliza je, kama Gaspard naye ameshatoka? Baba akapanda baiskeli.

Kamenge ni mbali, na kutoka kule mpaka Rohero ni mbali tena. Mashine inawashwa saa moja kamili. Sasa ni saa kumi na mbili na robo.

Endesha, baba.