Tovuti ya Viazi Haifungwi

Salamu za kamwene, mdogo wangu Rehema,

Mbeya ina ukungu na baridi ya kuuma mifupa. Nakiri kabla sijafa: safari ya hospitali niliyowaaga nayo ilikuwa kisingizio. Nimekuja soko la Mwanjelwa kuwauliza wauza viazi kwa nini tovuti yangu ya viazi haiuzi. Mama mmoja aliibonyeza, akacheka. "Babu, mteja ananunua bila hata kunisalimia? Huyo si mwizi?" Papo hapo nikaondoa kitufe cha kununua, nikaweka namba yake ya simu. Mchana akapigiwa. Walisalimiana mpaka habari za ng'ombe, ndipo gunia likauzwa.

Najua wewe na ndugu zetu mnasubiri nife muifunge tovuti. Nenosiri nimempa mama huyo. Njooni mbishane naye, mkimuweza.

Ujifunike vizuri, mdogo wangu mpenzi.

Kaka yako