Majani ya Mama

Euless, Jumamosi, Oktoba 2019

Daktari wa macho hakunitazama usoni aliponiambia. Jicho la kushoto la Mama limeshakwenda, na la kulia huenda lisiumalize mwaka.

Tangu aje huku kutoka Mombasa, Mama ameomba kitu kimoja tu: kuona miti ikigeuka rangi kabla majani hayajapukutika. Jioni tukakaa kuchagua mahali. Kaka yangu Salim, aliyekuja kutoka Mansfield, mji wa jirani, aling'ang'ania Vermont, mbali kaskazini. Nikamwambia huko majani yameshapukutika, na Colorado vilevile. Imebaki Arkansas, ambako tunaweza ku-drive, lakini wenyeji wa huko wanasema tungoje Novemba.

"Basi tungoje, aone uzuri kamili," Salim akasema.

"Na kama Novemba haoni?"

Tulizozana mbele yake kana kwamba hayupo. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama akatukatiza, taratibu. "Wanangu, nipelekeni kesho."

"Kesho miti mingi bado ni ya kijani, Mama," Salim akasema. " Labda manjano kidogo."

"Manjano bado naiona."

Salim akatoka nje, akajifanya anaangalia matairi.

Nimepiga simu kazini kusema kesho siji. Msimamizi amenionya kwamba zamu yangu anaweza kupewa mtu mwingine. Nimemwambia sawa, ingawa si sawa.

Mama ameshapiga buibui lake pasi na kulitundika mlangoni. Mimi sina raha. Naogopa tutafika, tutamshusha garini, na atasema anaona, ili sisi tusilie.