Nyati wa Kwenye Runinga

Misunkumilo, Mpanda
16 Juni 2025

Mpendwa Kaka Damiano,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, mguu umeunyoosha, na shemeji Josefina yuko karibu akusomee pale mwandiko wangu utakapokushinda. Ziwa linasemaje hapo Kapalamsenga? Dagaa wanapatikana? Na nyonga je, baridi hii ya Juni inaiacha ulale? Huku hatujambo. Lucia wangu anakusalimu sana, mahindi tumeshavuna, na mimi bado nagombana na nusu ya mji, kama unavyonijua.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniomba kwamba nitakaposimama kusema kwa niaba ya ukoo kwenye harusi ya Hana mwezi ujao, nisikitaje kabisa kisa cha nyati. Unasema wakwe zako ni watu wa ng'ombe, wanapenda utani, na hutaki binti yako aingie kwao akiitwa mtoto wa Piga-Tumbo. Nitakujibu, Kaka. Lakini nivumilie kwanza nikueleze nilichokiona hapa mjini, maana jibu langu limetokea huko.

Unamkumbuka Zuhra aliyekuwa akiuza vitenge karibu na soko? Vitenge ameviondoa. Ameweka runinga nne kubwa na mashine za gemu, na duka limejaa kutwa nzima. Wanaojaa si watoto, ni wanaume wenye ndevu, wenye wake, wenye mashamba yanayoota magugu. Wanakaa kwenye viti vya plastiki, midomo wazi, wanawinda. Ndiyo, wanawinda! Tembo, nyati, dubu wa nchi za theluji, wote wanauawa kwa kidole gumba huku muuaji akitafuna karanga. Hapa Mpanda, Kaka, ambapo ukienda Sitalike tu nyati halisi wanakutazama kutoka kando ya barabara, watu wazima wanalipia kutazama nyati wa umeme.

Bashiru fundi cherehani ndiye mwenye kelele kuliko wote. Nimewahi kumwona kwa macho yangu akimkimbia beberu wa jirani, akaacha kandambili moja njiani. Sasa anahesabu tembo aliowaangusha na kuwataka watu wamwite Komandoo. Nikaona siwezi kunyamaza. Nikaandika makala kali, ikasomwa redioni, nikawaita wawindaji wa viti vya plastiki. Nikasema kizazi cha baba zetu kilinusa damu, hiki kinanusa karanga. Na nikajisifu, Mungu anisamehe, kwamba mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya nyati nikiwa na gobore mkononi.

Zuhra hakukasirika. Alimtuma mtu aniambie kwamba Mwalimu, ndivyo wanavyoniita hapa, aje ampige nyati mmoja tu mbele ya watu, kisha aendelee kututukana, tena atakunywa soda bure. Jumamosi baada ya sala ya alasiri nikaenda. Nilivaa koti.

Anayewafundisha gemu ni Haidari, muuza vipuri vya baiskeli, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilikaa nikimdharau tangu neno la kwanza. Akanieleza kwamba mnyama mkubwa hapigwi kwa hasira. Kwanza ujue upepo unatoka wapi. Uchague bunduki nzito, ile nyepesi itamkera tu. Usimpige akikutazama, kwa sababu kifua na fuvu lake ni ukuta, ila umngoje ageuke ubavu. Macho yako yapande na mguu wa mbele, yasimame nyuma kidogo ya bega, chini ya katikati ya mwili, hapo ndipo moyo na mapafu yalipo. Ushike pumzi, na kitufe ukikamue taratibu, usikidonoe kama kuku. Ukishapiga usikurupuke kumfuata, mpe muda.

Unajua kilichoniudhi, Kaka? Hakukosea hata neno moja. Yalikuwa maneno ya Baba yale yale, yametoka kwenye mdomo wa mtu ambaye hajawahi kulala porini hata siku moja.

Nyati akageuka ubavu. Nikafyatua. Gemu ile ina ufidhuli wake: ukishapiga, inakuonyesha mwili wa mnyama kama kioo, na mstari mwekundu unapita pale risasi ilipopita. Mstari wangu ulipita tumboni. Nikasema mashine ni mbovu. Wakaniwekea wa pili: tumboni. Wa tatu: tumboni, tena karibu na mkia. Bashiru akauliza kwa sauti kama Mwalimu ni mwindaji au ni mganga wa minyoo. Mwingine akasema mpeni kisu, huyu anataka supu ya utumbo tu. Duka zima likaangua kicheko. Haidari peke yake hakucheka. Aliniinamia na kunieleza kwa upole kwamba kila nikikaribia kufyatua, nafumba macho.

Nikatafuta namna ya kuondoka. Zuhra akasema hapana, Mwalimu, nyati umemjeruhi, mfuate. Nikajibu basi Bashiru atangulie. Wakacheka tena, wakaniambia gemu hii haina mtu wa kumtanguliza. Aliyejeruhi ndiye anayefuata damu.

Kaka, kama shemeji ndiye anayesoma, asiruke mstari hapa.

Hiyo ilikuwa sheria ya Baba. Unaikumbuka siku ile ya mwaka 1996, kule msitu wa Mlele, na kibali cha nyati mmoja mfukoni mwake. Alitupatia gobore zake mbili, yeye akabaki na bunduki yake. Kwako alishindilia kipande cha madini ya risasi kilichokatwa kwenye bomba, kwangu kipande cha nondo, chuma cha kujengea. Akakohoa kutupa ishara, tukafyatua pamoja, nyati akazama vichakani. Baba akainama, akaona damu yenye majani yaliyotafunwa, akauliza ni nani aliyepiga tumbo. Kabla hujafungua mdomo mimi nikasema yangu imepita juu ya mgongo, nimeona imechana gome la mti. Wewe hukuwa na hakika na yako, na hujawahi kubishana na mimi. Ukatangulia. Hatua arobaini tu, nyati akatoka, akakuvunja nyonga.

Sikuona gome lolote. Nilikuwa nimefumba macho.

Baba alimmalizia nyati, yeye na wapagazi wakakubeba kwenye machela, mimi nikaachwa na Enoka, mpagazi mmoja, tuchune. Enoka alipoenda kuchota maji, nilipasua tumbo. Kipande kilichokuwa ndani kilikuwa cha nondo. Kwenye bega hapakuwa na kitu; yako ndiyo iliyokosa. Nikakitia mfukoni. Baba alikufa akiamini ni wewe. Ukaacha pori, ukahamia ziwani ambako mtu anaweza kufanya kazi akiwa amekaa, na jina la Piga-Tumbo likakufuata huko huko.

Juzi walinitania kwa saa moja tu, kwa nyati ambaye hayupo, nami nilirudi nyumbani kwa hasira, nikashindwa hata kula. Wewe umebeba ya kwangu miaka ishirini na tisa. Maneno yote niliyowatupia wale wanaume wa kwenye viti vya plastiki, sijapata mtu yanayomfaa kuliko mimi. Wao angalau hawajamvunja mtu.

Basi jibu langu ni hili. Kisa cha nyati nitakisema harusini, chote, mbele ya wakwe zako na mbele ya Hana. Nitasema Piga-Tumbo ni nani. Ukinikataza nitanyamaza, ila mtafute mwingine wa kusimama kwa ajili ya ukoo. Ukitaka nisije kabisa, nitaelewa. Usinijibu upesi kwa sababu ya huruma yako.

Kipande chenyewe kimo ndani ya bahasha hii, nimekifunga kwa nailoni. Kina kutu, lakini bado utaona ni nondo.

Nawasalimu nyie wote hapo, mkubwa na mdogo. Mwambie Hana baba yake mdogo anamwombea ndoa yenye watu wakweli.

Mdogo wako,
Venant