Matuta Matano ya Zaatari

4 Machi

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na macho yako yanaivumilia kazi ya kuchonga vioo vya miwani ya watu. Mimi mgongo tu, lakini fundi bomba mstaafu asiyeumwa mgongo ujue ameshazikwa.

Tangu tumzike mama yako mwezi wa kumi, bustani nimeichukua mimi. Ulijua alikuwa na zaatari za aina tano? Miaka yote nilidhani vile vijani vya kunukia anavyotia kwenye mchuzi na chai ni aina moja, vingine vimechelewa tu kukua. Basi nimetandaza mpira wa maji wenye matundu kwenye matuta yote matano, kila tuta na koki yake. Asubuhi nafungua, jioni nafungua. Kazi safi, ungeiona ungenisifu. Ila zinageuka njano, na ile yenye harufu ya limau inanyauka kuanzia chini. Ugonjwa gani huu? Mama yako angejua.

Baba yako


21 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, mafua tu yananisumbua. Pole na mgongo, na tafadhali ndoo usibebe.

Ugonjwa ni wewe, Baba. Hapo maji yamezidi unga! Zaatari ni mmea wa mawe na jua, ukiinywesha kila siku mizizi inaoza. Funga koki zote. Ile iliyosimama wima, ya kupikia, ikate ncha tu. Inayotambaa kwenye njia ikanyage bila wasiwasi, ndivyo inavyotoa harufu. Yenye ukingo mweupe haitaki mbolea. Yenye manyoya haipendi majani yake yalowe. Ya limau ichanganyie changarawe kwenye udongo, kisha uiombee dua. Mama alikuwa akisema zaatari huuawa na wanaoipenda.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Usidhani nilikuwa naumwa. Nilinuna.

Koki nilizifunga siku ile ile niliyopata barua yako. Asubuhi yake nikasimama bustanini mikono mitupu, nikazifungua tena. Nimefanya hivyo sijui mara ngapi. Kule hospitali mama yako alipolazwa waliniambia, "Mzee, wewe kaa hapo tu." Nikakaa. Mtu niliyeziba mabomba ya mtaa mzima, siku ile kazi yangu ikawa kukaa kwenye benchi. Sasa na wewe unaniambia nikae. Nilijua unasema kweli, na bado nikamwagilia.

Ya limau imekufa. Yenye manyoya nayo imekufa. Tatu zimenusurika kwa sababu mwishowe nimeng'oa mpira wote na koki zake nikampa jirani, nisije nikashawishika.

Kuna jingine, na nalisema kwa sababu mimi ni baba yako. Umeniandikia habari za udongo, changarawe na mbolea, lakini hujaniuliza mama yako amelala wapi. Kukosa maziko sikulaumu, safari ya mbali haipangwi kwa siku moja. Lakini tangu wakati ule kila ukisema unakuja, unakuja mwezi ujao. Unanikwepa?

Baba yako


30 Agosti

Shikamoo Baba,

Najua kimya changu kimekuumiza, na afya yako sikuiulizia. Barua yako niliisomea kazini. Wenzangu walipouliza, nikasingizia vumbi la vioo.

Sikukwepi wewe, naikwepa nyumba. Huku niliko Mama hajafa sawasawa. Barua yako ikifika najiambia yuko bustanini, mikono ina udongo, ndiyo maana hakushika kalamu yeye. Nikija nitafungua mlango wa jikoni na hatakuwemo, na hapo ndipo nitakuwa sina mama. Naogopa, Baba. Mtu mzima mimi, naogopa kama mtoto.

Amelala wapi?

Mwanao


16 Septemba

Mwanangu,

Mgongo leo umenihurumia, nimekaa mezani muda mrefu kukuandikia.

Amelala upande wa juu wa makaburi, karibu na ukuta. Jua la asubuhi linamfikia na maji hayatuami. Mwenyewe angepachagua.

Huo mlango wa jikoni hutaufungua wewe. Utaukuta wazi, na mimi nitakuwa ndani, nimesimama pale pale alipokuwa akisimama. Utalia. Na mimi nitalia, usishtuke. Tangu afe sijalia hata mara moja, nilikuwa namwagilia.

Zile mbili zilizokufa bado ziko kwenye matuta yake, zimekauka zote. Kila anayepita ananiambia ning'oe nipande nyingine. Nainama, nazishika, kisha naziacha. Nimeshindwa, mwanangu. Njoo tuzing'oe wote wawili.

Baba yako